Aliyemtembeza Baba

Nilipowaambia wa nyumbani kwamba nimepata nafasi chuo kikuu kusoma fiziolojia ya mazoezi, baba aliuliza kama siku hizi mtu huenda chuo kikuu kufundishwa kukimbia. Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa ameketi uani kwetu Mukuju, upande wa Uganda, akipaka mafuta kamba za ngozi za nira ya ng'ombe, na aliuliza kwa utulivu uleule ambao angeuliza mvua imefika wapi. Nilimweleza kwamba si kukimbia tu, ni kujua kinachotokea ndani ya mwili mtu anapokimbia, anapolima, anapobeba mzigo. Moyo unafanya nini, misuli inapata wapi nguvu, kwa nini watu wawili wanaokula chungu kimoja mmoja huchoka kabla ya mwenzake. Akasema amelima maisha yake yote bila kuyajua hayo. Kisha akaniuliza naondoka lini.

Chuo kilikuwa upande wa Kenya, kule milimani ambako ukiamka mapema unawakuta wanariadha barabarani, wamenyamaza, wanapita kama watu waendao kazini. Huko ndiko nilikomkuta mwenzangu wa chumba. Alitoka Busia ya Kenya. Mama yake aliuza omena sokoni, samaki walewale wadogo ambao tukishavuka upande wetu tunawaita mukene. Tulifurahi kukutana. Katika bweni lile lililojaa wasichana wa Nairobi na wa milimani, sisi wawili tulikuwa watu wa mpaka, tuliozoea kuamka na kelele za malori yaliyopanga foleni.

Yeye ni Msamia, mimi ni Mjopadhola, kwa hiyo lugha yetu ilikuwa Kiswahili. Chake kilikuwa kimenyooka, na alipotaka alikigeuza Sheng watu wakacheka. Changu kilikuwa cha Tororo. Nilisema "mimi nakuenda" na "kitabu yangu", na mara ya kwanza niliposimama kusema jambo kwenye mkutano wa bweni, kicheko kidogo kilipita nyuma yangu. Yeye hakucheka. Baadaye alinisahihisha taratibu, neno kwa neno, bila kunifanya nijione mjinga, na nikajifunza haraka. Lugha ninayoandikia hapa, kwa sehemu kubwa, ni yeye aliyenipa. Hata hilo hunikera.

Wivu wenyewe ulianza maabara. Tulikuwa na mashine ya kukimbilia, na barakoa ya mpira iliyofunika pua na mdomo, na bomba refu lililopeleka pumzi zetu kwenye mtambo uliopima mwili umetumia oksijeni kiasi gani. Kila mwanafunzi alipimwa mbele ya wenzake. Mashine huongezwa kasi na mwinuko kidogo kidogo mpaka mtu ashindwe, na pale anaposhindwa ndipo kipimo chake kilipo. Mimi niliitegemea miguu yangu. Nilikuwa nimekimbia shuleni, nikashinda, nikabebwa mabegani na wenzangu uwanjani Tororo. Nilidhani hiyo ndiyo siku yangu. Nilishindwa mapema, nikabaki nimeshikilia vyuma vya pembeni, nakohoa ndani ya barakoa.

Yeye hakuwa ameshindana popote. Alipanda mashine akiwa amevaa raba za kuazima, na alikuwa ameziazima kwangu. Akakimbia. Mhadhiri akaongeza kasi, akaongeza mwinuko, akaangalia skrini, akaongeza tena, halafu akatoka mlangoni akamwita mhadhiri wa chumba cha pili aje aone. Aliposhuka alikuwa anahema, lakini anatabasamu. Mhadhiri alituambia kwamba mioyo mingine huzaliwa mikubwa, na mazoezi huongeza tu kilichopo. Wote wakampigia makofi. Nami nilipiga makofi, huku nikiziangalia raba zangu miguuni mwake.

Nilikaa siku kadhaa nikiwaza ni kwa haki gani binti wa muuza omena amezaliwa na moyo mkubwa kuliko wangu. Nilijua ni upuuzi. Tulikuwa tumefundishwa kwamba ukubwa wa moyo haugawiwi kwa haki. Lakini kujua jambo ni kitu kimoja, na roho kutulia ni kitu kingine.

Tulipokaribia mwaka wa mwisho, walimu walianza kutuambia kazi ziko wapi. Wengine wangeenda kwenye kambi za wanariadha, kupanga nani akimbie lini na nani apumzike. Wengine kwenye timu za mpira. Wengine wangefungua vyumba vya mazoezi mijini, ambako watu wanaokaa ofisini kutwa hulipa ili wachoke. Kuna viwanda vinavyotaka mtu wa kuangalia jinsi wafanyakazi wanavyoinua mizigo na jinsi joto linavyowapiga. Nilipolisikia hilo nilifikiria vilima vya Osukuru na vijana wa kwetu walioajiriwa kule kwenye kiwanda cha mbolea, wanaorudi nyumbani wameshika viuno. Na kuna hospitali, ambako mtu aliyeugua moyo au sukari hurudishiwa nguvu kidogo kidogo kwa mazoezi ya kupimwa. Mhadhiri alisema kazi hiyo ya hospitali ndiyo inayohitaji subira kuliko zote na ndiyo inayosifiwa kidogo kuliko zote. Niliitaka hiyo. Nilimwambia mwenzangu kwamba naitaka, tukiwa tunafua nguo. Akasema hata yeye imempendeza.

Wakati wa mafunzo ya kazini yeye alipelekwa hospitali, mimi nikapelekwa kwenye timu ya mpira. Nilishinda nimebeba ndoo ya barafu, nikifunga vifundo vya miguu vya wanaume walioniita sista wa barafu. Nilijifunza mengi, siwezi kukataa. Nilijua mchezaji yupi anadanganya kwamba amepona na yupi anadanganya kwamba anaumwa. Lakini tuliporudi chuoni, yeye alikuwa na hadithi ya mzee aliyelia baada ya kupanda ngazi za hospitali mwenyewe, bila kushikwa. Darasa zima lilinyamaza kumsikiliza. Mimi nilikuwa na hadithi za barafu.

Kila alichopata niliona kama kimetolewa kwenye sahani yangu.

Baada ya mahafali, shangazi yangu alisikia kwamba hospitali moja ya misheni kwetu Tororo inafungua chumba cha mazoezi ya wagonjwa na inatafuta mtu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia mwenzangu. Nilimwambia kwa sababu nilikuwa na hakika watamchukua mtoto wa pale, na nilitaka aone nikichukuliwa. Tulikwenda kwenye usaili siku moja, tukaketi benchi moja, yeye akanipa nusu ya ndizi yake. Mimi waliniuliza maswali nikajibu yote sawasawa. Sijui yeye walimwuliza nini, ila nilisikia kupitia ukuta kwamba wanacheka pamoja naye.

Wakamchukua yeye.

Mimi nilipata kazi Busia, upande wa Kenya, kwenye chumba cha mazoezi kilichofunguliwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Hivyo ndivyo mpaka ulivyotupitisha kinyume. Mkenya akahamia Tororo kwetu, akapanga chumba mahali ambapo kila asubuhi alifungua dirisha akaona ule mwamba wetu mkubwa uliosimama juu ya mji. Mimi nikahamia Busia kwao, nikinunua omena kwa mama yake, ambaye alinifungia ya nyongeza na kunipa habari za binti yake nisizoziomba.

Kazi haikuwa mbaya. Wateja wangu walikuwa mawakala wa forodha, wabadilisha fedha wa pale kwenye geti la mpakani, na walimu wastaafu. Kulikuwa na mama mmoja wakala aliyekuja sukari ikiwa juu na magoti yakimlilia, na baada ya miezi kadhaa akawa anapanda ngazi za ofisi yake huku anaongea na simu. Alinikumbatia mbele ya watu. Nilifurahi, kisha jioni nikawaza kwamba kama ingekuwa hospitali, daktari angeliona hilo na kulisema mkutanoni. Pale juu ya duka aliyeona ni mimi na mpokea wageni.

Nilikuwa katika hali hiyo baba alipougua.

Ilikuwa mvua za kwanza, alikuwa anafuata jembe la ng'ombe kama alivyofanya kila mwaka. Mama alisimulia kwamba aliona ng'ombe wamesimama katikati ya shamba bila mtu, akadhani baba amekwenda haja. Alipokaribia akamkuta ameketi kwenye mtaro wa jembe, mkono kifuani, anasema kuna kitu kimemkalia. Walimkimbiza Tororo, wakampeleka Mbale, na kwa rehema ya Mungu alirudi. Madaktari walisema ni moyo, wakampa dawa, wakasema pia aanze kutembea, kidogo kidogo, kila siku.

Dawa kila mtu aliziamini. Kutembea hakuna aliyekuamini. Ndugu zetu wa Paya walikuja na kuku na wosia: mtu aliyeponea moyo hakai juani, habebi kitu, haendi popote. Kiti kiliwekwa barazani, na baba akawekwa kwenye kiti. Mama aliondoa hata jembe la mkono asilione. Na baba, ambaye sikuwahi kumwona akikaa mpaka chakula kiive, alikubali kukaa. Aliogopa. Hakuna aliyelisema neno hilo, lakini nililiona kwenye jinsi alivyosimama, mkono mmoja ukitangulia kutafuta ukuta.

Niliomba ruhusa kazini nikaja nyumbani. Nilikuja na saa ya kupimia mapigo, na mashine ya presha, na moyoni nilikuja na furaha ambayo mtu hapaswi kuwa nayo baba yake akiwa mgonjwa. Nilidhani sasa wataona nilichosomea. Nilimweleza baba kwa lugha yetu kwamba moyo ni msuli, kwamba msuli usiotumika hulegea, kwamba tutaanza na hatua chache tu uani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa. Akabaki kwenye kiti.

Siku ya pili tulifika kwenye safu ya miti ya mpakani mwa ua. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Nikamwuliza kama amechoka, akasema hajachoka, kisha akasema kiatu kinambana na tukarudi. Nilipomshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo, aliuvuta mkono wake taratibu, kama mtu anayeukwepa mkono wa polisi bila kutaka ugomvi. Siku ya tatu hakutoka kabisa. Nilikuwa na shahada nzima ya jambo hilo moja, na mgonjwa wangu wa kwanza wa moyo alininyima mkono wake.

Alipokwenda kuonwa tena na daktari Tororo, daktari alimwandikia kwenda chumba cha mazoezi. Yaani kwa mwenzangu.

Nilimsindikiza mimi. Alitupokea mlangoni, amevaa sare ya buluu, nywele amezibana nyuma. Alinikumbatia, halafu akamwinamia baba kidogo.

"Habari ya safari, baba."

"Nzuri," baba akasema kwa Kiswahili. "Wewe ndiyo ile mtoto alisomesha mtoto yangu Kiswahili?"

"Ndiyo mimi."

"Basi na mimi utanisomesha. Lakini mimi kichwa yangu ni ngumu."

Yeye akacheka, na baba akacheka. Nilishtuka. Kiswahili cha baba nilikijua kama lugha ya mnada wa ng'ombe na ya wageni wa kupita. Sikuwahi kuketi karibu naye akikitumia kwa raha. Nyumbani tunaongea Kijopadhola, na kwa Kijopadhola baba ni mtu wa maneno machache.

Niliketi kwenye benchi nikaangalia. Alimbandika nyaya kifuani, akamweleza kila moja inasikiliza nini, akampandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote. Nilikuwa namtafutia kosa. Niliangalia alivyopima presha, alivyosubiri, alivyopanga uzito wa pedali, macho yake yalikokuwa wakati mkono wake unaandika. Sikupata kosa. Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa yenye namba, ambayo mgonjwa huonyesha kwa kidole amechoka kiasi gani. Baba aliitazama bila kuipenda.

"Hii namba ni ya shule," akasema. "Mimi nakwambia kwa mlima."

"Niambie kwa mlima, baba."

"Sasa niko chini ya Osukuru, kwa barabara. Sijapanda bado."

Akaendelea kukanyaga. Yeye akaongeza uzito kidogo, akauliza tena. Baba akasema sasa anapanda. Baadaye akasema anapanda na ana gunia begani.

"Gunia la nini?"

Baba akafikiri kwa dhati kabisa. "Mahindi," akasema. "Na haijakauka vizuri."

Mwenzangu akapunguza uzito mara moja, akamwacha akanyage polepole mpaka gunia lishuke. Niliona mapigo kwenye skrini. Yalikuwa pale hasa ambapo ningetaka yawe. Mimi baba alikuwa ameniambia hajachoka huku jasho linamtiririka. Yeye alikuwa amemwambia mpaka unyevu wa mahindi.

Tangu hapo siku za hospitali zikawa siku za kupigiwa pasi. Baba alivaa shati jeupe, akapangusa viatu, akaketi kumsubiri kijana wa bodaboda kabla ya wakati. Mama aliniambia kwa simu, nikiwa Busia, kwamba sasa anatembea uani asubuhi na jioni kama alivyoagizwa, na kwamba akimaliza husema ataripoti. Niliuliza kama ananiulizia mimi. Mama akasema ndiyo, jana aliuliza kama ninajua kwamba mwenzangu hapendi maziwa.

Kisha nikasikia kwamba anamwita nyara. Hilo kwetu ni neno la baba kwa binti yake wa kumzaa. Mimi aliniita hivyo nilipokuwa mdogo, na siku ya mahafali. Sikujua kwamba neno hilo bado analo mfukoni na anaweza kumpa mtu mwingine. Nilipolisikia nilikuwa kazini, nasimamia watu wawili kwenye mashine, na ilibidi niwape kisogo kidogo, nijifanye napanga taulo.

Jumapili moja mama alimwalika nyumbani, nami nikavuka kuja. Alikuja na mfuko wa omena kutoka kwa mama yake. Mama alichinja kuku, akasonga kalo, ugali wetu wa wimbi, na mwenzangu akala kwa mkono kama mtu aliyezaliwa Mukuju. Baada ya chakula baba alisimama akasema anamsindikiza mgeni barabarani. Walitoka pamoja, yeye akipunguza mwendo ili baba asijue kwamba amepunguza. Niliujua ule ufundi, tulifundishwa pamoja. Walipita miti ya ua, wakapita kwa jirani, wakaingia barabara ya kwenda senta, na niliwaona watu wa madukani wakisimama kumsalimu baba, ambaye hawakuwa wamemwona tangu mvua za kwanza. Mimi nilibaki jikoni na vyombo.

Mama aliingia akaniangalia. Aliniambia sufuria ile haijanikosea kitu, niache kuikwangua hivyo. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani.

"Baba yako ametoka nje ya ua," akasema. "Mimi siulizi ametolewa na nani."

Nilijua ana haki. Baba alirudi uso unang'aa, akaketi, akaomba maji. Nilimpelekea. Nikamwuliza kama amechoka, akasema hajachoka.

Ilipita muda, baba akiendelea kupata nguvu, mpaka siku mwenzangu aliponiomba tukutane kwa mama yake sokoni. Tuliketi nyuma ya meza ya omena, kwenye kreti za soda. Aliniambia amepata nafasi Nairobi, kwenye hospitali kubwa ya moyo, na atasoma shahada ya pili hukohuko. Alisema ametaja jina langu Tororo na wamekubali nichukue mahali pake.

Nilipaswa kumshukuru. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema, "Kwa hiyo mimi nipewe ulichobakiza."

Hakukasirika. Alichukua omena mmoja mezani, akamvunja kichwa, akamrudisha.

"Ulikuwa unaitaka kazi," akauliza, "au ulitaka mimi nisiwe nayo?"

Jibu lilikuwa yote mawili. Mama yake alikuwa anapimia mteja kwa kopo, amegeuza uso, na nilijua amesikia. Halafu mwenzangu akaanza kunieleza kuhusu wagonjwa, mmoja mmoja: nani hudanganya kuhusu dawa, nani anahitaji kuambiwa aketi kabla hajaanguka. Nilisikiliza. Alipofika kwa baba alisita, akasema tu kwamba presha yake iko vizuri asubuhi kuliko mchana. Nilisema asante. Hilo nililijua tayari, lakini yeye ndiye aliyelijua kwanza.

Nikaichukua kazi. Nilivaa sare ya buluu, nikapanga chumba kilekile alichokiacha, nikafungua dirisha lile nikauona mwamba, na kwa wiki chache za mwanzo wagonjwa walikuwa wakichungulia nyuma yangu kuona kama yule mwingine yupo. Siku ya baba ilipofika, hakuja. Alituma ujumbe kwamba bodaboda imeharibika. Siku iliyofuata akasema mvua, na kwetu Tororo siku hiyo hakukunyesha hata tone.

Nilikwenda Mukuju. Nilimkuta mwenyewe pembeni ya shamba, anaangalia mpwa wake akilima na ng'ombe wake. Nikasimama karibu naye. Nilimwuliza kwa lugha yetu kwa nini haji. Aliwatazama ng'ombe mpaka walipofika mwisho wa mstari na kugeuzwa.

"Nikichoka mbele ya yule msichana," akasema, "nimechoka tu. Nikichoka mbele yako, unaniangalia kama kaburi tayari linachimbwa."

Nilitaka kusema si kweli. Lakini nilikumbuka jinsi nilivyomshika ule mkono barazani, na jinsi vidole vyangu vilivyokuwa baridi.

"Na yule tuliongea Kiswahili," akaongeza. "Kiswahili ni cha sokoni. Sokoni mtu anaweza kusema gunia limemshinda, na hakuna anayemcheka. Kwa lugha hii," akasema, akimaanisha ile tuliyokuwa tukiongea, "nitakuambiaje wewe kwamba limenishinda?"

Tulibaki tukiwaangalia ng'ombe mpaka mpwa akaomba maji.

Wiki iliyofuata alikuja. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Nilimpokea mlangoni kama nilivyoona ikifanyika, na ulimi ulikuwa mzito kwa sababu sikuwahi kumsalimu baba yangu hivyo.

"Habari ya safari, mzee," nikasema.

Aliniangalia muda. Nyuma yangu muuguzi alikuwa anapita na ndoo.

"Nzuri, daktari," akasema. "Leo miguu iko nzito kidogo."

Mimi si daktari, na yeye anajua. Nilimbandika nyaya nikampandisha baiskeli. Nilijilazimisha kuangalia skrini badala ya uso wake, na kila nilipouliza, niliuliza kwa Kiswahili, nikiwa nimempa ubavu. Mwanzoni alijibu kwa neno moja moja. Kisha, uzito ulipozidi kidogo, alisema hapa sasa hapana, punguza. Ilikuwa mara ya kwanza baba yangu kuniambia kwamba kitu kimemshinda. Nilipunguza.

Sasa ni msimu mwingine. Baba hufuata jembe asubuhi kidogo, kisha humwachia mpwa. Chumba cha mazoezi kimejaa, tumeongezewa baiskeli ya pili, na wagonjwa wameacha kuchungulia nyuma yangu. Mwenzangu hupiga simu Jumapili akijua niko nyumbani. Hunisalimu mimi, halafu huomba baba. Baba huichukua simu akatoka nayo, akitembea uani huku anaongea, na mimi ndani nasikia anavyocheka. Bado inaniuma. Nilifikiri nikishapata kazi yake itaisha, kisha nikafikiri baba akishaniambia ukweli itaisha.

Jumapili iliyopita, simu iliporudi mikononi mwangu, mwenzangu alikuwa bado hajakata. Aliniambia baba amemwambia kwamba mguu wa kushoto unavimba jioni, na kwamba asinitajie. Nikasema nitauangalia. Siku ya hospitali nilimwambia baba avue soksi kabla ya kupanda baiskeli, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwambia. Nilibonyeza juu ya kifundo, kidole kikaacha shimo, dalili ya maji yanayojaa moyo unapoelemewa. Akaniuliza nani ameniambia.

Nikamwambia hakuna aliyeniambia, ni kazi yangu kuona, kisha nikaenda kumwita daktari.